Wakikuuliza kwenye intavyu utazaa lini, liandike swali hilo

Kama umemaliza chuo mwaka huu au mwaka jana, bila shaka kuna benki moja au mbili ambazo tayari zina barua yako ya kuomba kazi. Kazi ya benki bado ina heshima mtaani. Mama ameshaambia majirani, mjomba anakuita "meneja" kabla hata hujaitwa kwa mahojiano, na wewe mwenyewe umeanza kupiga hesabu ya suti, nauli na deni la HELB linalokungoja. Sina ubaya na ndoto hiyo. Ninachotaka tuzungumzie ni kile kinachofuata ukishaketi mbele ya watu watatu wenye faili mezani, hasa ukiwa msichana.

Maswali huanza vizuri tu. Ulisomea nini? Unajua nini kuhusu benki yetu? Mteja akija amekasirika utafanya nini? Kisha mmoja wao anavua miwani na kuuliza kwa upole, utadhani ni shangazi yako: "Umeolewa?" Ukisema la, anauliza kama una mchumba. Ukisema ndiyo, anataka kujua mnapanga kupata watoto lini.

Kijana wa kiume aliyetoka chumba hicho dakika chache zilizopita hakuulizwa hayo. Na hata kama aliulizwa kuhusu ndoa, jibu lake lilimfaa. Mwanamume mwenye familia huonekana ametulia, ana majukumu, hawezi kuamka siku moja na kuacha kazi. Jibu hilo hilo likitoka kinywani mwako linaandikwa upande wa hasara. Pete ni ile ile, lakini hesabu ni mbili.

Najua utaniambia nini. Utasema mambo hayo yalipitwa na wakati, na kwamba ukiingia tawi lolote la benki jijini Nairobi, Mombasa au Kisumu, wasichana ndio wengi kwenye kaunta. Ni kweli, wapo. Lakini siku nyingine ukiwa kwenye foleni, fanya zoezi dogo. Hesabu wanawake walio kaunta. Halafu uliza nani ndiye meneja wa tawi, na nani anayeidhinisha mikopo mikubwa. Ukifika nyumbani, fungua ripoti ya mwaka ya benki hiyo mtandaoni, ukurasa wenye picha za wakuu, uhesabu tena. Usinukuu takwimu ya mtu. Hesabu mwenyewe, benki baada ya benki, na uone kama idadi haipungui jinsi unavyopanda.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Ubaguzi wa kijinsia kwenye benki siku hizi hauonekani sana mlangoni. Uko kwenye ngazi. Wanakuruhusu uingie, wanakupongeza, wanakupa beji, kisha unagundua kidato cha tatu kimeng'olewa. Na kwa kawaida kidato hicho hung'olewa mwezi ule tumbo linapoanza kuonekana.

Tusiseme hakuna waliopanda. Mary Okelo alikuwa meneja wa tawi la Barclays hapa Kenya miaka ya 1970, wakati ambapo kumuona mwanamke kwenye kiti hicho lilikuwa jambo la kushangaza. Baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kenya Women Finance Trust, shirika lililoanza 1981 kuwakopesha wanawake ambao benki za kawaida hazikuwa na haja nao. Nasim Devji ameongoza Diamond Trust kwa miaka na mikaka. Kwa hivyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba wanawake hawaiwezi kazi hii.

Lakini tazama juu kabisa. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa 1966, na hadi leo haijapata gavana mwanamke aliyethibitishwa kwenye cheo. Jacinta Mwatela alikaimu mwaka wa 2006, na wanawake wameshika unaibu gavana. Kukaimu na unaibu, basi. Kiti chenyewe bado ni cha wanaume.

Kwa nini iwe hivi? Jibu la haraka ni kwamba wanaume wana roho mbaya. Sidhani inatosha, maana hata wanawake wenye vyeo wapo kwenye zile meza na wao pia huuliza maswali yale yale. Kuna hesabu ya pesa nyuma ya pazia, na ni vizuri uielewe.

Chini ya sheria ya ajira ya zamani, ile ya 1976, mwanamke alipata likizo ya uzazi ya miezi 2 yenye malipo, lakini akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Yaani taifa lilichukulia kujifungua kama kwenda kupumzika Diani. Sheria ya Ajira ya 2007 ilirekebisha hilo. Sasa ni miezi 3 kwa mshahara kamili, likizo ya mwaka haiguswi, na ukirudi una haki ya kurejea kwenye kazi uliyoiacha, au nyingine inayokufaa yenye masharti yasiyo duni kuliko ya awali.

Hatua nzuri. Lakini angalia nani analipa. Mshahara wa miezi hiyo 3 unatoka mfukoni mwa mwajiri peke yake. Shirika la Leba Duniani, kupitia mkataba wake nambari 183 wa mwaka 2000, linapendekeza likizo isiyopungua wiki 14, na kwamba malipo yatoke kwenye bima ya kijamii au hazina ya umma ili mzigo usimwangukie mwajiri mmoja. Sisi bado hatujafika huko. Basi meneja akiketi na karatasi mbili mbele yake, ya Wanjiku na ya Otieno, wote na alama sawa, anamwona Wanjiku kama gharama inayokuja.

Naelewa hesabu hiyo, lakini siikubali. Benki hiyo hiyo itamwajiri Otieno, imgharamie mafunzo ya mwaka mzima, kisha benki ya jirani imwongeze shilingi elfu ishirini na aende zake bila hata kugeuka nyuma. Hiyo nayo ni hasara. Mbona hakuna anayemuuliza Otieno kwenye intavyu: "Unapanga kutuacha lini?" Mwanamke akiondoka miezi 3 anarudi. Mwanamume akihama harudi. Kama kweli shida ingekuwa ni pesa, maswali yangekuwa ya wote.

Tena ubaguzi huu haupigi upande mmoja tu. Kijana wa kiume, na wewe sikiza. Kuna vitengo vinavyotaka "sura nzuri mbele ya wateja", na hapo karatasi yako haisomwi. Unapelekwa kwenye mauzo ya barabarani au kufuata wadeni, kwa sababu eti mwanamume anavumilia jua. Na siku mkeo atakapojifungua, ukiomba zile wiki 2 za likizo ya baba ambazo sheria imekupa kwa mshahara kamili, utachekwa: "Kwani ni wewe umezaa?" Kicheko hicho na lile swali la utazaa lini ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vinasema mtoto ni shida ya mwanamke peke yake.

Na kuna lile ambalo wengi hawalisemi. Anayeuza akaunti na mikopo ana shabaha ya kila mwezi, na shabaha hiyo ndiyo inayoamua kama mkataba utaendelea. Msichana anaambiwa mteja fulani mwenye pesa "anapenda kuhudumiwa na wewe", aende akutane naye jioni hotelini. Akikataa, shabaha haifiki. Akienda, anajua anachoendea kukutana nacho. Mwezi ukiisha, ripoti inaonyesha kwamba hakufanya vizuri. Sheria ya 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya dhuluma za kingono kazini. Benki gani hapa nchini haina watu 20? Uliza sera hiyo iko wapi, na uisome kabla hujaihitaji.

Sasa tuje kwa sheria yenyewe, maana hapa ndipo vijana wengi tunaachwa gizani. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa, ikiwemo nafasi sawa za kiuchumi. Kinataja jinsia, ujauzito na hali ya ndoa kwa majina, na hakiikatazi serikali pekee. Kinakataza mtu yeyote kumbagua mwingine kwa misingi hiyo. Nayo Sheria ya Ajira, kifungu cha 5, inamlinda aliyeajiriwa na pia anayetafuta kazi. Soma tena hapo: anayetafuta kazi. Ulinzi wako hauanzi siku ya kutia sahihi. Unaanza siku unapotuma maombi. Kifungu hicho pia kinataka kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa.

Lakini lililo tamu zaidi kwenye kifungu hicho ni hili: ukimshtaki mwajiri kwa ubaguzi, ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Katika kesi nyingi za kawaida, anayedai ndiye anayethibitisha. Hapa mzigo unahamia kwa mwenye benki, mwenye mafaili, mwenye mawakili.

Na si maneno ya vitabuni tu. Mnamo 2013 korti inayoshughulikia migogoro ya kazi ilitoa hukumu katika kesi ya mwanamke aliyetambulishwa kwa herufi G.M.V. pekee, dhidi ya benki iliyokuwa imemwajiri. Alidai kwamba ujauzito ndio uliomponza kazini, na mahakama ikakubaliana naye. Kesi hiyo bado inatajwa na mawakili wanaotetea kina mama wajawazito kazini.

Sasa kuna jambo moja la kuzingatia. Ingawa mzigo unahamia kwa mwajiri, mahakama kwanza itataka uweke kitu mezani. Huwezi kufika pale na machozi tu. Ni lazima uonyeshe mambo yaliyotokea, yanayofanya hakimu au jaji aseme: hapa kuna harufu, hebu mwajiri ajieleze. Na harufu haihifadhiki kichwani. Inahifadhiwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana nasema liandike swali hilo. Sikwambii uinuke kwenye kiti, upige meza na kuwasomea Katiba. Unahitaji kazi, kodi ya nyumba haingoji, na kuna watu mia tano nje wanaongojea hicho kiti. Ukitaka kujibu, jibu. Ukiona unaweza, uliza kwa adabu: "Samahani, hilo linahusiana vipi na majukumu ya kazi hii?" Lakini ukitoka, kabla hujapanda matatu, kaa mahali uandike. Tarehe na saa. Nani walikuwa kwenye meza. Swali lilivyoulizwa, neno kwa neno. Ulijibu nini. Kisha jitumie maandishi hayo kwa baruapepe yako mwenyewe ili yabaki na tarehe yake.

Kuna chombo kingine ambacho wengi hatukitumii. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeweka hali ya ndoa, na habari za familia kama majina ya mwenzi na watoto, katika kundi la taarifa nyeti. Pia inasema data inayokusanywa iwe ile inayohitajika tu kwa kazi husika. Basi ile fomu inayotaka ujaze kama umeolewa na una watoto wangapi, wakati hata hujaajiriwa, ina maswali ya kujibu. Una haki pia ya kuomba kuona taarifa zako walizo nazo. Ukinyimwa, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data.

Kama tayari uko ndani, mambo ni yale yale. Ukipata ujauzito, toa taarifa kwa maandishi, usimwambie msimamizi kwenye kordo halafu ukanyamaza. Weka nakala ya kila tathmini ya kazi yako. Mtu aliyepewa alama nzuri miaka miwili mfululizo, halafu akawa "mzembe" mwezi wa nne wa ujauzito, ana hadithi ambayo karatasi zinaisimulia zenyewe. Hifadhi ujumbe wa WhatsApp pia. Na chunguza mkataba wako umeandikwa na nani. Vijana wengi wanavaa beji ya benki lakini mwajiri wao ni kampuni ya wakala, kwa mkataba wa miezi michache. Hapo mjamzito hafutwi. Mkataba unaisha tu, na simu ya kuurefusha haipigwi. Ukiwa hapo, karatasi ni muhimu mara mbili.

Ukiwa na hizo karatasi, kuna pa kwenda. Kuna afisi ya leba kwenye kaunti yako. Kuna Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kuna FIDA kwa msaada wa kisheria kwa wanawake. Kuna chama cha BIFU kwa wafanyakazi wa benki na bima, ikiwa cheo chako kinakuruhusu kujiunga. Na kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, ambayo kwa kawaida inakupa miaka 3 tangu jambo litokee. Usikae mpaka mtoto aanze shule ndipo ukumbuke.

Je, kelele husaidia? Tazama India. Mwishoni mwa 2021 benki kubwa ya serikali huko, State Bank of India, ilitoa mwongozo kwamba mwanamke aliyeajiriwa akiwa na ujauzito wa zaidi ya miezi 3 ahesabiwe kuwa hafai kwa muda, asubiri hadi ajifungue ndipo aanze kazi. Habari zilipoenea Januari 2022, wafanyakazi, wanasiasa na tume ya wanawake ya Delhi walipaza sauti, na kabla ya mwezi huo kuisha mwongozo ulikuwa umeondolewa. Benki yenye maelfu ya matawi ilirudi nyuma kwa sababu jambo lilikuwa limeandikwa na kila mtu aliweza kulisoma.

Tazama pia London. Stacey Macken aliajiriwa na BNP Paribas mwaka wa 2013 kwa mshahara wa pauni 120,000. Mwanamume mwenye kazi kama yake alikuwa akilipwa 160,000. Alipogundua akalalamika, akafika mbele ya mahakama ya kazi, na mwaka wa 2022 akatunukiwa fidia ya zaidi ya pauni milioni 2. Nchini Uingereza, tangu 2017, kila mwajiri mwenye wafanyakazi 250 au zaidi hulazimika kutangaza tofauti ya malipo kati ya wanawake na wanaume. Ripoti za kwanza zilipotoka, HSBC ilionyesha tofauti ya asilimia 59, kwa sababu vyeo vya juu vilikuwa vimejaa wanaume. Hakuna mwandishi wa habari aliyeiba siri hiyo. Benki yenyewe iliiandika.

Hilo ndilo ningependa tudai hapa kwetu. Benki zetu zinajua kutangaza faida kila robo mwaka hadi senti ya mwisho. Kila tarehe 8 Machi zinajaa mitandaoni na akaunti za wanawake, keki na maua. Basi zitangaze pia: wanawake wangapi wako kila daraja, wanalipwa kiasi gani wakilinganishwa na wanaume wa daraja hilo, na wangapi waliotoka likizo ya uzazi walipandishwa cheo miaka miwili iliyofuata. Zitoe hali ya ndoa kwenye fomu za maombi. Kila anayehojiwa aulizwe maswali yale yale, kutoka karatasi moja. Hayo hayagharimu hata nusu ya lile tangazo la Machi. Nao wabunge wetu waanzishe hazina ya kulipia likizo ya uzazi, ili meneja asiwe na kisingizio tena.

Na wewe kijana wa kiume uliyeketi dawati moja na yeye, una kazi ya kufanya. Mwambie unalipwa ngapi. Kunyamaza kwetu kuhusu mshahara hakumlindi yeyote ila mwajiri. Na siku yako ikifika, chukua zile wiki 2 zako zote, waache wacheke. Siku ambayo Otieno naye ataondoka ofisini kwa sababu ya mtoto, karatasi ya Wanjiku itaacha kuonekana nzito kuliko ya wengine.

Kesho kuna mtu atakayeitwa kwa mahojiano. Mtumie haya, umwambie abebe kalamu.